Freire, Nyerere ao ile darasa ya nyuma ya duka: tufuate njia gani na darasa ya wakubwa huku Goma?

Tangu tufungue darasa yetu ya jioni huku Birere, swali moja linanifuata kila mahali, vijana wa Ndosho wameniuliza, wamama wa parokia wameniuliza, na sasa kuna kikundi cha Majengo wanataka kuanza ya kwao: nyinyi mnafuata metodi ya nani? Nimeona heri niandike yote mara moja, juu kujibu kila mtu kwa WhatsApp haiwezekani tena na jambo lenyewe linahitaji nafasi.

Kwanza tuelewane. Kama unataka tu watu wajue kusoma, huna haja ya kuchagua filozofia yoyote, nunua kitabu cha silabi, tafuta ubao na chaki, anza. Mimi naandikia wale wanaotaka zaidi, yani mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza, kijana anayesukuma mizigo kwa chukudu ya mbao, motari wa pikipiki, mlinzi wa usiku, ajifunze na maisha yake igeuke, na kartiye, yani mtaa, nayo igeuke kidogo. Hapo ndipo njia zinaachana. Ukikosea mlango, watu wanapotea mmoja mmoja, darasa ya watu 20 inabaki na 6, alafu utasema watu wetu hawapendi masomo, kumbe ni wewe.

Kwa kila njia mimi nauliza vitu vitatu: nani anachagua neno la kwanza, kesho asubuhi mtu ataenda kufanya nini na hilo neno, na akishajua, nani atakasirika.

Nianze na Freire, juu jina lake ndilo linatajwa kila formasio, yani mafunzo, ya mashirika ya ONG na mara mingi anayelitaja hajui yule mtu alifanya nini kweli. Paulo Freire alizaliwa Recife, Brazili, 1921. Mwaka 1963 pale Angicos, mji mdogo wa kaskazini-mashariki ya nchi yao, yeye na wanafunzi wake wa chuo walifundisha watu karibu 300, wakulima, mafundi wa ujenzi, wamama wa nyumbani, kwa masaa 40 hivi. Hawakuanza na a e i o u. Walienda kwanza kukaa na watu, kusikiliza wanavyoongea, maneno gani yanarudi kila saa, maneno gani yanauma, wakachagua machache, wakachora picha kwa kila neno, na watu wakajadili picha mbele hata ya kuona herufi. Neno lake linalojulikana sana ni tijolo, yani tofali. Ti-jo-lo. Kila silabi inaita ndugu zake, ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu, alafu watu wenyewe wanaunganisha na kupata maneno mapya. Fikiria mjenzi ambaye amebeba tofali maisha yake yote, anajifunza kuandika tofali na wakati ule ule anaulizwa: hizo nyumba ulizojenga, umelala ngapi?

Kwa Kiswahili hiyo metodi inaingia vizuri ajabu. Kifaransa kinatesa mtu mzima, neno lao la maji lina herufi tatu na hakuna hata moja kati yake unayoisikia ukilitamka. Kiswahili unasema unavyoandika. Sisi tulichukua chukudu, juu hakuna mtu wa Goma asiyeijua, ama umeisukuma, ama imekuletea makala ya kupikia na viazi. Chu-ku-du. Cha che chi cho chu, ka ke ki ko ku, da de di do du. Siku ya kwanza walipata dada, kaka, kuku, duka, cheka, choka. Siku ya pili kijana mmoja anayeshusha makabichi toka upande wa Kibumba akachukua ko, akaweka na di. Kodi. Chumba kilinyamaza. Alafu kila mtu akaanza kusema kwa mara moja, nani analipa, analipa mara ngapi kwa siku, anapewa karatasi ao hapewi, karatasi imeandikwa nini, na mpaka saa mbili usiku hakuna aliyekumbuka kurudi nyumbani. Hicho Freire anaita konsiyantizasio, fahamu kuamka, na mimi niliiona kwa macho yangu kwa silabi mbili.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nyumba zetu ni za mbao, mbao haifichi sauti. Na ukisoma maisha ya Freire mpaka mwisho unaelewa juu ya nini niliogopa: wakati ule Brazili mtu asiyejua kusoma hakuwa na haki ya kupiga kura, kwa hiyo kufundisha watu 300 ilikuwa kuongeza kura 300, na mwaka 1964 jeshi lilipopindua serikali programu yake ilifungwa mara moja, yeye akawekwa gereza kama siku 70, alafu akakimbia, Bolivia, Chile, na kufika 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilimpokea Geneva. Alirudi kwao 1980 kisha miaka zaidi ya 15. Yeye alipata Geneva. Kijana wa chukudu hana Geneva, kesho asubuhi atapita barriere ile ile ya barabarani, mbele ya watu wale wale. Kwa hiyo unayetaka Freire, jiulize kama wewe na wao mko na uzito sawa siku mambo ikiharibika, juu mara mingi animatere wa darasa ana visa na mwanafunzi hana hata kitambulisho.

Kuna kosa lingine la Freire ambalo formasio hazisemi. Kisha uhuru wa Guinea-Bissau, katikati ya miaka ya 1970, aliitwa kusaidia kufundisha watu kusoma, na serikali ikachagua Kireno, lugha ya mkoloni ambayo watu wachache sana kule walikuwa wanaiongea. Ilishindwa. Maneno yanayouma hayawezi kuuma katika lugha usiyoota nayo usiku. Bas, kama mfadhili wako anadai Kifaransa toka siku ya kwanza, fanya kozi ya Kifaransa, ni kitu kizuri na watu wanaihitaji, lakini usiiite Freire.

Sasa Mwalimu Nyerere. Wengi wetu tunamjua kwa vipande vya hotuba tu. Machi 1967, wiki chache kisha Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na ukilisoma leo unaona kama anaongea juu yetu. Anasema shule ya mkoloni ilitengenezwa kwa ajili ya wachache watakaopanda, na wale wengi wanaobaki wanatoka wakijiona wameanguka, hata kama wamesoma miaka mingi. Anasema shule imejitenga na kijiji, mtoto anafundishwa kwamba maarifa ni ya kitabu tu na ya baba yake mkulima si kitu. Angalia siku matokeo ya egzeta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, inatoka hapa mjini, watoto wamejipaka poda nyeupe kichwa mpaka shingo, pikipiki zinapiga honi, na ile furaha ni ya haki kabisa. Lakini yule aliyekosa amefunga mlango ndani, na miaka yote ile ya shule haijamwachia hata ufundi mmoja wa kushika kwa mkono. Nyerere alikuwa anamwandikia yule wa ndani ya nyumba.

Na hakubaki kwa maneno. 1970 Tanzania iliufanya kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio pamoja, wanasikiliza, wanasoma kitabu, wanajadili, alafu wanaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Vitabu vyao vya kusomea vilikuwa vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, kitu mtu anafanya asubuhi. Wasiojua kusoma walikuwa kama 67% mwaka 1967, miaka kumi kisha walikuwa kama 27%. Na yote kwa Kiswahili. Ukiniuliza nani alifundisha watu wengi zaidi katika hawa wote, hakuna mjadala.

Juu ya nini basi sisi hatukumfuata? Juu ya lile neno. Kujitegemea katika sikio la Mkongo halina sauti ile ile. Sisi tulilelewa na Artikle 15, ule utani wetu wa jitafutie, serikali haiko. Wazee wetu walifanya Salongo ya Mobutu, ile kazi ya lazima iliyoitwa maendeleo. Alafu toka miaka ya 1990 wazazi ndio walikuwa wanalipa primu ya mwalimu, yani familia ya mama muuza ndizi ndiyo ilibeba mshahara wa mtu wa serikali, na watoto wanafukuzwa katikati ya darasa juu primu haijafika, mpaka gratuité ya shule ya msingi ilipoanza Septemba 2019, ingawa Katiba ya 2006 ilishasema ni bure. Mimi mwenyewe nilifukuzwa hivyo mara mingi, nakumbuka mpaka rangi ya mlango. Siku moja darasani nilijaribu kueleza wazo la Nyerere, vizuri kabisa, na mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho akasema, kwa heshima yote, "Mwalimu, mimi niko najitegemea tangu nilipoolewa. Unifundishe kitu kingine." Sikuwa na jibu na sijalipata mpaka leo.

Inafaa kuongeza kwamba njia ya Nyerere inataka serikali nyuma yake. Redio ya taifa, vitabu vya kuchapa, walimu maelfu. Wakati feza ya Tanzania ilipopungua katika miaka ya 1980 kazi nayo ilipungua, na kule katikati ya miaka ya 1970 watu wengine walihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa, kwa hiyo serikali ile ile iliyofundisha watu kuamua ilikuwa inaamua kwa niaba yao. Neno la kwanza lilitoka juu. Kwa kikundi cha watu watano wenye ubao mmoja hiyo nguvu haiko, mbaya yake hamna na nzuri yake hamna. Lakini kama nyinyi ni koperative ya wakulima huko Masisi ao Rutshuru, mko na shamba ya pamoja, mko na kahawa ao maziwa ya kuuza, hapo mimi ningechukua Nyerere bila kufikiri mara mbili, kitabu cha kusomea kiwe ni kahawa yenyewe, kupima, kuandika kilo, kuhesabu bei, na mtaenda mbali kuliko sisi. Hapa mjini tumekaa juu ya mawe ya volkano, shamba tutalima wapi.

John Dewey nitampitia haraka. Mmarekani, mwanafilozofia wa elimu, alifungua shule yake ya majaribio Chicago Januari 1896, ilianza na watoto 16 na walimu wawili, watoto wanapika, wanashona, wanajenga, na kwa hizo kazi wanaingia hesabu na sayansi na kuishi pamoja kama raia. Wazo zuri, na kama unafungua shule ya watoto wadogo ya kulipia mchukue. Lakini kwetu mwalimu mmoja na watoto 70 kwa darasa moja, na darasa ya wakubwa ya masaa mawili jioni, sioni pa kumweka.

Nafika kwa ile ya mwisho ambayo watu wengi hawaijui na mimi ndiyo naipenda.

Johns Island ni kisiwa cha South Carolina, Marekani. Miaka ya 1950 watu weusi wa kule wengi walikuwa hawajui kusoma, na sheria ilisema ili uandikwe kupiga kura lazima usome kipande cha katiba mbele ya karani mzungu. Kulikuwa na bwana mmoja, Esau Jenkins, alikuwa anaendesha basi ya kupeleka wafanyakazi Charleston, na njiani alikuwa anawafundisha hicho kipande cha katiba, ndani ya basi. Fikiria dereva wa taksi-bisi yetu anafanya hivyo toka Sake mpaka Birere! Aliomba msaada kwa shule ya watu wakubwa iliyoitwa Highlander, kule Tennessee, ambako alikuwa Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi 1956 juu alikataa kuficha kwamba yuko ndani ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Wakanunua nyumba, mbele wakaweka duka la koperative, nyuma wakaweka darasa, ili mzungu akipita aone duka tu. Darasa ilianza Januari 1957, watu 14, usiku mbili kwa wiki.

Na mwalimu? Walimchagua Bernice Robinson, msusi wa nywele. Hakuwa na diploma ya ualimu na ndiyo sababu walimtaka, juu waliogopa mwalimu wa kazi angewatendea watu wazima kama watoto. Alifika na vitu vya shule ya msingi, akaona haviwezi, akaviweka pembeni, akawaambia kwamba yeye si mwalimu, watajifunza pamoja, alafu akawauliza wanataka kujua nini. Wakajibu: kuandika jina langu. Kusoma Biblia. Kujaza karatasi ya kuagiza vitu. Na kusoma ile katiba ili niandikwe. Bas, hayo ndiyo ikawa masomo. Wakati jimbo la Tennessee lilifunga Highlander 1961, zile darasa zilishahamia mikononi mwa shirika la Martin Luther King, zikaenea kusini mzima.

Unaona tofauti na Freire iko wapi? Freire anasikiliza watu, ndiyo, lakini mwisho kikosi chake kinakaa pembeni na kuchagua maneno. Pale Johns Island kila mtu alileta mwenyewe karatasi inayomtesa. Na kulikuwa na mlango wa kugonga, ofisi ya karani, siku unayojua kusoma unajua unaenda wapi.

Sisi kisha ile usiku ya kodi tulirudi nyuma, tukafuta ubao, tukauliza. Hakuna mtu hata mmoja aliyetaja ukombozi. Mama mmoja wa sambaza alisema anataka kusoma kaye, yani daftari, ya likelemba yao, ule mchango wa kupokezana feza, juu kila mwezi wanamsomea kama amelipa ao hajalipa na hana namna ya kubisha. Mwingine alisema PIN. Tangu Januari 2025 mabenki ya hapa yalipofunga, feza yetu inatembea kwa simu, na yeye alikuwa anampa kijana wa kabini, kile kibanda cha kutuma feza, simu pamoja na namba ya siri, kila mara, juu hajui kusoma meseji. Motari mmoja alitaka kusoma kontra aliyosainia kwa kidole. Tukaacha picha nzuri za chukudu tukaanza na kaye, majina, tarakimu, tarehe, neno "amelipa" na neno "hajalipa", ambayo ukiangalia ni silabi mbili tu zinabadilika na zinabadilisha mwezi mzima wa mtu. Wiki ya saba yule mama alishika kaye mbele ya wenzake, akatafuta jina lake kwa kidole, akasoma kwa sauti, akaomba mwezi mmoja usahihishwe. Wakausahihisha. Mwezi uliofuata wanne wa likelemba ile walikuja darasani.

Mimi kwangu hiyo ndiyo elimu inayogeuza jamii, na hakuna aliyewekwa hatarini kuipata.

Lakini njia hiyo nayo iko na shimo lake na nisilifiche. Kisha miezi mitatu watu walianza kusema asante, nimepata nilichotaka, na kubaki nyumbani. Mtu amejua PIN yake, anaenda. Swali la kwa nini likelemba ndiyo benki yetu, kwa nini maji ya ziwa iko pale chini na bidoni inauzwa huku juu, halikuja lenyewe. Hapo ndipo nilimrudisha Freire, na safari hii kwa wale tu waliobaki kwa kutaka, watu tisa wanaojuana, picha ya foleni ya mabidoni pale ziwani, hakuna neno ubaoni mpaka waseme wao. Mazungumzo yalikuwa ya chini, ya polepole, na yalizaa kitu: walienda pamoja kuongea na mwenye robine ya maji ya avenyu juu ya saa za kufungua, na sasa wanafunzi wa asubuhi wanateka maji mbele ya saa kumi na mbili.

Kwa hiyo anayeniuliza nichague, mimi nasema anza na Johns Island, weka Freire ya pili, na ukiwa na shamba ao koperative anza na Nyerere. Ila kuna kitu kimoja kinaweza kugeuza hesabu yote, ni nani mko naye wa kufundisha. Freire ni ngumu kuliko zote kwa mwalimu, inataka mtu anayeweza kuuliza swali alafu afunge mdomo, na vijana wetu waliotoka chuo, nawapenda sana, lakini wakipewa ubao wanatoa konferansi ya masaa mawili. Kama hao ndio mko nao, wapeni kitabu kizuri cha namna ya Tanzania, chenye somo limepangwa, watafanya kazi safi. Kama mko na mshonaji ao msusi aliyemaliza hata sekondari ya chini tu na kartiye inamheshimu, mko na Bernice Robinson wenu, msimtafutie bosi.

Kikundi cha Majengo wameniambia wana chumba cha kanisa, ubao mmoja, watu 15 wamejiandikisha. Kwenu nyinyi: wiki ya kwanza msiandike kitu ubaoni. Ombeni kila mtu alete karatasi moja anayoitunza nyumbani na hajawahi kuisoma. Kwetu ilikuja fishi ya parseli, yani karatasi ya kiwanja, kadi ya chanjo ya mtoto, risiti mbili za hospitali, kaye ya likelemba, ile kontra ya motari, barua ya kijana aliye Kampala ambayo mama yake aliibeba ndani ya kitenge miaka miwili, na karatasi moja ndogo sana, imekunjwa mara nne, ambayo mwenyewe alidhani ni deni na ilikuwa ni ya kumwambia deni limeisha.